Nyumba ya Wapare, Vyombo vya Wambugu

Msafiri atokaye Moshi kwenda Tanga, awe katika basi au, kama ilivyokuwa ada ya wazee wetu, katika behewa la reli, huandamana na milima ya Upare upande wake wa kushoto kwa muda mrefu, na macho yake yakichoka kutazama mkonge na miiba ya tambarare huinuka yenyewe kuelekea vilele ambako mawingu hukaa na mvua hunyesha, ilhali huku chini vumbi ndilo sultani. Mji wa Same umekaa katika pengo baina ya milima ya kaskazini, yenye Usangi na Ugweno, na milima ya kusini, yenye Mbaga, Chome, Vudee, Suji, Mamba na Gonja, ambako kilele cha Shengena hufikia mita 2,463 juu ya bahari. Ni mji wa kupita: watu hushuka kutoka juu na tangawizi na ndizi, hupanda kutoka chini na chumvi na mabati, na baina ya kushuka na kupanda hungoja. Nami siku moja nilikuwa miongoni mwa wangojao, nikaketi katika benchi la stendi karibu na mzee mmoja aliyekuwa akienda Hedaru, mtu wa maneno mengi na haraka kidogo.

Mazungumzo yetu yalianza na bei ya maharage, yakahamia mvua, kisha kwa njia nisiyoikumbuka yakafika kwa babu yake, ambaye alikuwa mhunzi. "Zamani hizo, mwanangu," aliniambia, "si kila jembe lilitoka dukani. Yeye alifua mwenyewe. Nami nilikuwa mdogo, naitwa nikamshikie ule… ule wa ngozi, ule wa kupulizia moto, una mdomo mbele…" Akanyamaza, akafumba macho, akakunja vidole vyake kana kwamba ameshika kitu na kukibana. Nikataka kumsaidia nikamwambia, "Kiriba, mzee?" Akatikisa kichwa kwa ghadhabu. "Siyo kiriba! Kiriba ni kile cha maji. Huu ni ule… unaanza na m, m-nani huu…" Neno la kwao, la Chasu, alikuwa nalo, akalitamka mara mbili kwa ufasaha, bali la Kiswahili, ambalo alilijua maisha yake yote, lilikuwa limesimama mlangoni na kukataa kuingia. Na ajabu ni kwamba tangu nilipomtajia kiriba, hicho kiriba ndicho kilichomjia kila mara alipojaribu, akakifukuza kama mtu afukuzavyo kuku kwenye nafaka, nacho kikarudi.

Jambo hili humpata kila mwenye ulimi, kijana na mzee, na aghalabu hulipita tukacheka. Walakini mtu akilitazama kwa makini ataona kwamba mzee yule hakukosa neno zima. Maana yake alikuwa nayo barabara, hata vidole vyake viliifahamu. Ngeli yake alikuwa nayo pia, maana kila alipolitafuta alisema "ule" na "una" na "huu", na hata mara moja hakuteleza akasema "kile" isipokuwa alipokuwa akinena juu ya kiriba, ambacho hakika ni cha ngeli nyingine. Herufi ya mwanzo alikuwa nayo. Kilichopungua ni sauti tu, yaani kile ambacho sisi tusio wataalamu hudhani ndicho neno lenyewe.

Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Marekani, Roger Brown na David McNeill, waliwasomea wanafunzi maana za maneno adimu na kuwataka wayataje maneno hayo. Na wale waliokwama hali wana yakini kuwa neno wanalijua waliweza mara nyingi kutaja herufi yake ya kwanza au hesabu ya silabi zake kabla halijawajia. Miaka 31 baadaye, mwaka 1997, Gabriella Vigliocco na wenzake walithibitisha kwa wasemaji wa Kitaliano kwamba mtu aliyepotewa na jina la kitu aweza bado kusema kama jina hilo ni la kiume au la kike katika sarufi, ingawa jina lenyewe halioni popote. Jambo jema, lakini Mswahili yeyote angaliweza kuwaambia hayo bila gharama, kwa kuwa lugha yetu ina chombo maalumu cha ajali hii, nacho ni "nanihii". Husema mtu "niletee kile nanihii", au "lile nanihii limevunjika", au "yule nanihii amekuja kukuulizia", na katika kila kauli hiyo ngeli imekwisha kutoka kinywani ikiwa kamili, imeshika kitenzi chake na kivumishi chake, na jina peke yake ndilo lililobaki nyuma njiani.

Kwa ushahidi wa namna hii wataalamu wa akili, na hasa Mholanzi Willem Levelt katika kitabu chake cha mwaka 1989 juu ya usemaji, wamekubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba neno halikuhifadhiwa mahali pamoja kama shilingi katika mfuko. Maana huamshwa kwanza. Kisha huamshwa cheo cha neno katika sentensi, yaani ngeli yake na namna ya kuungana na wenzake. Na mwisho kabisa ndipo sauti inapoitwa. Katika mazungumzo ya kawaida haya yote hutendeka maneno mawili au matatu kwa kila sekunde, wala hatuna habari, mpaka siku sauti inapokataa wito. Na maneno yaliyokaribiana kwa maana hukaa jirani, hata likiitwa moja huitika na mwenzake, kama kilivyoitika kiriba.

Wakati nikimsikiliza mzee yule nilikumbuka kwamba ushahidi mkubwa kuliko wa maabara yoyote, kwa maana ulifanywa na kabila zima na kwa muda wa karne, ulianzia katika milima hiyo hiyo iliyokuwa mbele yetu.

Watu wa milima hiyo hujiita Vaasu, na nchi yao Vuasu, na lugha yao Chasu. Jina la Pare, husimulia wengine, walibandikwa na majirani zao Wachaga, nalo lilikuwa ukelele wa vita wa kuwapiga, jambo ambalo likiwa kweli si hisani kubwa. Hawakuwa watu wa chimbuko moja. Isaria Kimambo, mwanahistoria ambaye mwenyewe alikuwa Mpare, alipokusanya masimulizi ya koo mbalimbali kwa ajili ya kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, alikuta kila ukoo una njia yake: hawa walitoka Taita, hawa Usambara, hawa nyikani. Ugweno wa kale ulitawaliwa na Washana, ukoo wa wahunzi, mpaka walipopinduliwa na Wasuya, ambao mtawala wao Mranga alijenga dola yenye mabaraza na kulifanya jando la msituni kuwa jambo la nchi nzima badala ya kuwa la ukoo ukoo. Hata leo, huko kaskazini, wazee wa Ugweno wana lugha yao ya Kigweno, ambayo ni jamaa wa Kichaga kuliko Chasu, ijapokuwa watoto wao wamehamia katika Chasu na Kiswahili.

Katika milima ya kusini waliingia, wakati ambao masimulizi hayautaji kwa mwaka, watu wafugaji ambao ng'ombe kwao walikuwa ndio heshima na ndio mahari. Watu hao ni Wambugu, nao hujiita Vama'a. Husema kwamba walitoka Laikipia, huko Kenya, wakifukuzwa na Wamasai; wakakaa Upare baina ya Vaasu muda mrefu; kisha wengi wao wakaendelea kusini hadi milima ya Usambara, wakatafuta malisho ya juu, na huko wapo hata sasa, pande za Magamba, Rangwi na Bumbuli, katika wilaya za Lushoto na jirani zake. Kuhusu kuondoka kwao Upare yasimuliwa kwamba mila za Wapare za kuwatia vijana msituni zilikuwa miongoni mwa sababu. Msitu huo katika Chasu huitwa mshitu, na ndugu yake wa Kiswahili hahitaji kutambulishwa. Humo kijana alikaa faraghani, akafundishwa mambo ya ukoo na nchi, nyimbo na siri, na asiyepita humo hakuhesabiwa kuwa mtu kamili. Kwa mgeni mshitu ulikuwa mlango wa uraia. Waliokubali kuupita, wakabaki, waliyeyuka wakawa Wapare. Waliokataa walichukua ng'ombe wao wakahama, nao walichukua na kitu kingine ambacho hakuna aliyekiona kwa macho, maana kilikuwa ndani ya vichwa vyao.

Kitu hicho kilimshangaza kwanza Mjerumani Carl Meinhof, aliyezuru Afrika Mashariki katika mwaka wa 1902 na 1903, akaandika juu ya lugha ya Wambugu mwaka 1906. Baada yake walishangaa wengine wengi: Wilfred Whiteley, ambaye wapenzi wa Kiswahili wanamjua kwa kazi zake nyingine, Morris Goodman, aliyeandika mwaka 1971 na kuiita habari hii kisa cha ajabu, Archibald Tucker na Margaret Bryan, mwaka 1974, na mwisho Mholanzi Maarten Mous, aliyekaa na wasemaji wenyewe kwa miaka na kutoa kitabu kizima mwaka 2003. Ajabu yenyewe ni hii. Mmbugu akisema lugha yake ya ndani, Kima'a, maneno yake mengi si ya Kibantu: ni ya Kikushi, jamaa ya maneno ya Wairaqw wa Mbulu na Wagorowa wa Babati, na mengine ni ya Kimasai. Lakini ngeli ni za Kibantu, viambishi ni vya Kibantu, nyakati za vitenzi ni za Kibantu, na si Kibantu chochote, ila kile cha Chasu. Lugha za Kikushi hazina ngeli kama zetu. Zina jinsi, ya kiume na ya kike, nayo jinsi hiyo katika Kima'a imetoweka.

Na juu ya hayo, Wambugu wana usemi wa pili, Kimbugu cha kawaida, ambao ni wa Kibantu tangu juu hata chini, maneno na sarufi, na uko karibu sana na Chasu. Usemi huu na ule wa ndani zina sarufi moja. Hapana sarufi mbili: ni ile ile, na mtu huchagua tu ni maneno ya kabati lipi atayapanga ndani yake.

Ninaomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa kuwa mambo haya yakiambiwa kwa jumla huonekana mepesi. Mmbugu akitaka kusema "mtu mzima" au "mzee" katika usemi wa kawaida atasema mzima. Katika usemi wa ndani atasema mwagiru. Mtawala ni mfumwa huku, na dilao kule. Nchi ni isi huku, neno ambalo ni ndugu wa damu wa "nchi" yetu. Na kule ni idi. Kuita ni -tang- huku, na -se- kule. Na atakapotaka kusema kwamba mtu fulani "aitwa" jina fulani, mizizi yote miwili itapewa kiambishi kile kile cha kutendwa, -w-, ambacho nacho ni kile kile tunachokitia katika "itwa" na "pigwa" na "pendwa". Mwagiru amevaa mw- yake kama mwalimu na mwana walivyovaa yao. Mwili umetoka mbali, kanzu imeshonwa Upare.

Sasa, ni kwa njia gani jambo kama hili hutokea? Hapa wataalamu wamegawanyika. Sarah Thomason wa Marekani alishika kauli kwamba Wama'a walikuwa na lugha kamili ya Kikushi, na kwa kuishi baina ya Wabantu waliowazunguka wakaazima sarufi yao kidogo kidogo, kipande kwa kipande, hata isibaki ya asili, lakini wakashikilia maneno kwa ukaidi. Mous asema kinyume: kwamba walikwisha hama kabisa wakasema Kibantu cha Upare, na lugha yao ya asili ikafa au ikawa karibu ya kufa, kisha, kwa kutaka kujitenga na majirani, wakakusanya masalio ya maneno ya kale, wakaongeza ya Kimasai na ya Kikushi kingine, na hata wakayapotosha makusudi maneno ya Kibantu, kwa kuyakata mwisho na kuyapachika mwisho mwingine, ili yasitambulike, wakajenga kabati la pili juu ya sarufi waliyokwisha kuwa nayo.

Mimi si mwanaisimu, lakini nikilazimishwa kutoa fatwa naelemea kwa Mous, na hoja inayonielemeza ni ndogo kuliko zote alizozitaja. Aeleza kwamba maneno mawili ya jozi moja, la ndani na la kawaida, hukaa katika ngeli ile ile na huchukua maana zile zile, hata pale maana zinapotawanyika: ikiwa neno la Kibantu lina maana ya kwanza na ya pili, neno la ndani nalo huchukua zote mbili, ijapokuwa katika asili yake ya Kikushi halikuwa na sababu ya kuibeba ile ya pili. Lau maneno haya yangalikuja kila moja kwa njia yake kutoka lugha nyingine, yangalileta na tabia zake, kama wageni waletavyo mizigo. Yameketi badala yake kwa adabu kubwa mno. Kwa hiyo katika akili ya Mmbugu hakuna mwagiru na mzima wawili. Kuna kitu kimoja chenye maana moja na ngeli moja, na mwisho wake sauti mbili, ambazo msemaji huitisha moja kwa kadiri ya aliye mbele yake. Ndiyo ile hali iliyomkuta mzee wangu wa Same, ila kwa Wambugu ni kwa hiari: maana ipo, ngeli ipo, na kwenye hatua ya mwisho sauti moja hutolewa na nyingine huzuiwa.

Wala wasidhani wasomaji wa pwani kwamba ujuzi huu ni wa ajabu ya milimani peke yake. Sisi wenyewe tuna kinyume, ule mchezo wa kugeuza silabi ambao wazee wa visiwani na wa mrima waliucheza kwa kuficha maneno, ambapo "mbuzi" huwa "zimbu", na ambao ulikwisha kuandikwa na Edward Steere tangu karne ya kumi na tisa. Na mwenye kuuzoea husema kwa kasi ya kumtatiza mgeni, hali mpangilio wa sentensi haukutikisika. Huko Uingereza wapo Waromani ambao huweka maneno yao ya kale katika sarufi ya Kiingereza; na huko Ecuador, katika Amerika ya Kusini, Pieter Muysken aliieleza lugha ambayo maneno yake ni ya Kihispania na mifupa yake ni ya Kikechua. Tofauti ni kwamba wengi wa hao wamechanganya kwa sababu ya kuhamia upande mmoja. Wambugu walijenga ukuta.

Na ukuta wenyewe haukuwa wa mawe. Mtu aliyehama Upare kwa sababu hakutaka kuingia mshitu wa watu, akajikuta Usambara akizungukwa na Wasambaa, bila milki ya nchi, bila mfalme wake, na ng'ombe wake wakila majani ya kuomba, angewezaje kuonyesha kwamba yeye si wao? Sarufi haikumfaa kwa kazi hiyo, kwa sababu sarufi haisikiki. Hakuna mtu ajisifuye kwa ngeli zake. Neno ndilo lisikikalo. Ndiyo maana, naona, watu wakilazimika kusalimisha sehemu ya lugha, husalimisha kile wasichokijua kuwa wanacho, na hushikilia kile wanachoweza kukitaja kwa jina.

Wapare waliobaki nao walikuwa na hazina yao, na kuna habari moja ya hapo hapo Same inayoonyesha kwamba neno lililowekwa akibani haliwekwi pekee. Katika miaka ya vita kuu ya pili baraza la wafumwa wa Upare, kwa idhini ya serikali ya Kiingereza, lilianzisha kodi mpya ya kupimwa kwa mali ya mtu, na kodi hiyo ikapewa jina la kale, mbiru, lililokuwa la ada walizotoa watu kwa watawala wao hapo zamani. Bila shaka waliolichagua walidhani jina la nyumbani litaifanya kodi ionekane ya nyumbani. Lakini ada ya kale ilikuwa na kipimo chake na heshima yake, na mtu hakuja nyumbani kwako kuhesabu mbuzi zako na migomba yako na kukuandika. Basi neno lilipoitwa lilikuja na kumbukumbu zake zote, na watu wakaona wazi kwamba kilichovaa jina hilo sicho. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakafika makao ya wilaya hapa Same, wakapiga kambi wakikataa kurudi mpaka wasikilizwe, na walikaa siku nyingi, wakipokezana zamu kwa nidhamu iliyowatia maofisa wasiwasi kuliko ghasia. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao walitoka kwa hasira kudai waume zao wamaliziwe shauri lao. Mbiru ilifutwa. Kimambo aliandika kitabu kidogo juu ya mkasa huo mwaka 1971, na jina alilokipa ni neno hilo hilo.

Nimetaja vitabu, na haifai kumpita Ernst Kotz, Mjerumani wa misheni ya Wasabato walioingia Upare mwaka 1903 na kufanya makao Mamba, ambaye mwaka 1909 alitoa sarufi ya Chasu huko Berlin. Ni kazi ya subira, na Wapare wana haki ya kuiheshimu. Walakini karatasi ina kanuni yake na akili ina yake. Kamusi hupanga maneno kwa herufi, hivyo kiriba huishi jirani na kirihi na kiroboto, watu ambao hawana mazungumzo naye. Na Wabantu tuna taabu zaidi, maana hata hiyo herufi ya kwanza si ya neno bali ni ya ngeli. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilijaribu kulitatua jambo hili kwa kuyaweka majina mengi chini ya vitenzi vyake, na wanafunzi wa zamani wanakumbuka walivyohangaika kutafuta neno lenye m- mpaka wabahatishe shina lake. Tulimlaumu sana Johnson. Leo nadhani alikuwa karibu na ukweli wa akili kuliko kamusi zilizofuata, kwa sababu mtu hakumbuki neno kwa herufi zake. Hulikumbuka kwa jamaa zake.

Basi lilikuja saa nane. Tulipata viti vya pamoja, na mzee yule, kwa kuwa alikwisha kata tamaa ya neno lake, akaniambia habari za wajukuu, za jasi inayochimbwa Makanya, za ndiva ya kijijini kwao, bwawa la maji ambalo hujazwa usiku na kufunguliwa alfajiri, kila mtu kwa zamu yake, na jinsi vijana wa siku hizi wanavyokwepa msaragambo, ile kazi ya pamoja, wa kuizibua. Tuliipita Makanya. Akasinzia kidogo. Karibu na Hedaru kondakta alipogonga bati, mzee akasimama, akachukua mfuko wake, akaanza kwenda mlangoni, na alipofika nusu ya njia akageuka ghafla, uso umemwangaza kama aliyeokota fedha.

"Mvukuto!" alisema kwa sauti ambayo basi zima liliisikia. "Mvukuto, mwanangu. Ilikuwa miwili, mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia. Babu akifua, mimi ndiye niliyekuwa nikivukuta."